Gari la Spoti Huchakaa Mlangoni

Mnunuzi mjanja wa gari lililotumika haanzii kwenye boneti. Hufungua mlango wa dereva, akainama, akatazama ukingo wa nje wa siti, ule ulioinuka ili kumshika mtu paja na mbavu gari linapokata kona. Dashibodi ikisema kilomita elfu arobaini huku ukingo umepasuka na sponji inachungulia, anajua ni moja kati ya mawili: ama kilomita zimerudishwa nyuma, ama mwenye gari alikuwa mtu wa kujibwaga. Hata kwenye minada ya Japani, yanakotoka magari mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, mkaguzi hulipatia gari daraja la jumla kwa namba, kisha hali ya ndani akaipa herufi yake peke yake, A ikiwa ya juu. Siti ya dereva ndiyo mojawapo ya vitu vya kwanza kuishusha herufi hiyo.

Wenye magari wengi hudhani siti huchoshwa na safari. Sivyo. Ukishakaa vizuri, uzito wako umeenea kwenye kikalio chote na mgongo wote, wala husogei sana. Waweza kwenda Dodoma na kurudi siti isijue. Kinachoimaliza ni zile sekunde chache za kuingia na kutoka, pale mwili mzima unapopita juu ya ukingo mwembamba usiozidi upana wa kiganja, tena kwa kuburuza. Mtu anayepanda na kushuka mara nne kwa siku huusugua ukingo huo karibu mara elfu tatu kwa mwaka, na kila mara ni mahali palepale. Ngozi ya hapo hung'aa kwanza, halafu rangi inatoka, halafu nyuzi zinaachia, na chini yake sponji imeshalala upande mmoja.

Gari la kawaida husamehe kosa hili kwa sababu siti yake ni pana, bapa, na iko juu kiasi cha mtu kuketi kama kwenye kiti cha sebuleni. Gari la spoti halisamehi. Limewekwa chini ili uzito wote uwe karibu na barabara, siti zake zina kingo ndefu, paa ni fupi, na mara nyingi kizingiti cha mlango ni kipana au kirefu kwa sababu ndicho kinacholipatia gari uimara. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ni mfano mashuhuri. Fremu yake ya mirija ya chuma ilipita juu pembeni mwa dereva, mlango wa kawaida haukuwezekana, wahandisi wakaufunga bawaba kwenye paa ufunguke kwenda juu. Hata hivyo dereva alipata taabu kupitisha mapaja, ndiyo maana usukani wake ulitengenezwa uweze kukunjwa. Lotus Elise, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ilijengwa juu ya chasisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, nyepesi ajabu, lakini vizingiti vyake vilikuwa virefu na vipana kiasi kwamba toleo la pili lilipokuja, kuvishusha kidogo kulikuwa miongoni mwa mabadiliko yaliyofanywa.

Huku kwetu Elise ni za kuhesabu. Zinazoonekana barabarani ni Subaru Impreza WRX STI, Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, Mazda MX-5, ambazo za kizazi cha kwanza kutoka Japani zina jina la Eunos Roadster, na Nissan Fairlady Z. Zote usukani uko kulia, kwa hiyo ukingo unaoumia ni wa kulia wa siti ya kulia. Msomaji wa Kigali au Muscat mwenye gari la usukani wa kushoto ayageuze maelekezo yote yanayofuata.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ni namna ya kupanda. Fungua mlango hadi mwisho. Mlango uliofunguliwa nusu ndio unaokulazimisha kujipenyeza na kujiburuza. Hakikisha siti umeiacha nyuma ulipoegesha mara ya mwisho, maana siti iliyosogezwa mbele hukubana kati ya ukingo na usukani, na ukibanwa utaegemea chochote kilicho karibu. Simama ukiwa umeligeuzia gari mgongo, mashavu ya miguu yakiwa karibu kugusa kizingiti. Mkono wa kulia ushike nguzo iliyo nyuma ya mlango, wa kushoto uwe kwenye nguzo ya kioo cha mbele au juu ya kizingiti. Kunja magoti, inamisha kichwa, kisha peleka makalio ndani kabla ya kuyashusha. Hapo ndipo siri ilipo. Wengi hushusha kwanza, wakatua juu ya ukingo, halafu wakateleza kuingia ndani. Ukipeleka ndani kwanza, unatua ng'ambo ya ukingo, kwenye kikalio chenyewe.

Ukishaketi, miguu bado iko nje. Iweke pamoja, jiinue kidogo kwa mikono ili suruali isisage ngozi, zunguka, uipitishe miguu juu ya kizingiti bila kisigino kukigusa. Kwa anayevaa gauni refu, baibui au kanzu hii ndiyo njia ya heshima pia, maana magoti hubaki pamoja. Kabla ya kufunga mlango, vuta pindo lote ndani. Pindo lililobanwa hupigwa na upepo na vumbi njia nzima, hupaka grisi ya kitasa kwenye nguo, na likinasa kwenye komeo huweza kuuzuia mlango usifunge sawasawa.

Kushuka ndiko kunakoharibu zaidi, kwa sababu mtu anainuka kutoka chini na mwili unataka pa kujisukumia. Sogeza siti nyuma. Zunguka mwili mzima mpaka miguu yote miwili ikanyage chini nje, unyayo wote, wala si kidole gumba. Peleka kichwa na mabega mbele hadi pua ipite magoti. Uzito ukishahamia miguuni, utanyanyuka bila kujisukuma kwa nguvu. Kama mkono lazima usaidie, uweke kwenye kizingiti, ambacho kimejengwa kubeba, usiuweke juu ya ukingo wa siti. Usukani nao si mpini wa kujivutia. Kila anayejivuta kwa usukani huchubua ngozi yake upande uleule, na mwishowe hulegeza hata kifaa cha kurekebisha kimo chake. Mlango vilevile: kuuning'inia ni kuzichosha bawaba, kisha unaanza kusikia mlango unagonga badala ya kufunga.

Kwa magari yenye siti za mashindano, zile zenye mabawa marefu yasiyopinda, njia ya kutanguliza makalio haitafaulu. Hapo tanguliza mguu wa kushoto hadi karibu na pedeli, shika kizingiti na nguzo, jishushe taratibu katikati ya siti, kisha uvute mguu wa kulia. Kwenye gari lenye kizingiti kipana kama cha Elise, waweza kuketi kwanza juu ya kizingiti, kisha ukahamia sitini. Tandika taulo ndogo hapo kama kuna rangi au ngozi usiyotaka kuichubua. Ila usipige goti kwenye siti, hata kwa sekunde moja ukitafuta simu iliyoangukia nyuma. Baadhi ya siti za magari ya spoti zina nyaya za kupasha joto au kihisi cha kujua kama kuna mtu ameketi, na goti hubonyeza mahali padogo kwa uzito wote. Taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi kwa sababu ya kihisi kilichoharibika, bili ya fundi inaweza kuzidi thamani ya kilichokuwa kinatafutwa.

Na pa kuegesha pana neno. Kwenye maegesho ya maduka makubwa, mistari imechorwa kwa kubana, na jirani akija na gari pana mlango wako hautafunguka hata nusu. Tafuta nafasi ya mwisho wa safu ambapo upande wa dereva uko wazi, hata ikibidi uingie kinyumenyume. Kutembea hatua hamsini za ziada ni rahisi kuliko kushona siti.

Mfuko wa nyuma wa suruali ni adui mwingine. Funguo, pochi nene, simu, na zile njumu za shaba kwenye mifuko ya jinsi: vyote hukwangua wakati wa kuzunguka. Bizimu ya mkanda wa kiuno hukwangua ukingo wa ndani na boksi la katikati. Toa vitu mfukoni kabla ya kupanda, uviweke mahali pamoja unapopajua. Jinsi mpya ya buluu iliyokoza ina balaa la peke yake, maana rangi yake huhamia kwenye ngozi nyeupe au ya maziwa, hasa ikiwa na jasho. Ifue mara kadhaa kabla ya kuketi nayo kwenye siti ya rangi nyepesi, na alama ukiiona iondoe siku hiyohiyo; ikishazama kwenye rangi ya siti utakuwa unafuta rangi mbili kwa pamoja.

Miguu ndiyo inayoleta mchanga. Ukitoka Diani, Bagamoyo au Paje, chembe za mchanga ulionata kwenye soli na mashavu ya miguu ni ngumu kuliko rangi ya ngozi na kuliko plastiki ya mlango, kwa hiyo kila msuguano unakuwa wa msasa. Gonganisha viatu nje kabla ya kuviingiza, pangusa miguu kwa kitambaa kikavu, tandika kitambaa sitini ikiwa nguo zina maji ya bahari. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukikaa chini ya siti huanza kula reli na bolti. Anayeishi pwani ainue kapeti mara kwa mara, aache milango wazi kivulini hewa ipite, kwani ukungu wa kijani kwenye ngozi huanzia kwenye gari lililofungwa na unyevu wake.

Kizingiti kinalindwa kirahisi. Kuna plastiki angavu ya kubandika, ileile inayowekwa mbele ya gari kuzuia mawe, yenye unene wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita. Safisha kizingiti vizuri, nyunyiza maji yenye tone la sabuni, laza plastiki, isogeze mpaka ikae sawa, kisha sukuma maji yatoke kwa kipande cha plastiki laini ukianzia katikati. Bandika pia sehemu ya chini ya mlango, kule ncha ya kiatu inakogonga wakati wa kushuka, na mgongo wa siti ya mbele ikiwa gari lina siti za nyuma. Kazi ni ya saa chache, na ikichakaa unaibandua unaweka nyingine. Vibao vya alumini vyenye nembo vinapendeza, lakini visivyokaa sawa huwa na ncha kali, na mchanga hujificha chini yake ukaendelea kusaga rangi bila wewe kuona.

Kwa makapeti ya miguuni, linalohitajika ni moja tu upande wa dereva, lenye umbo la gari hilo, lililofungwa kwenye vishikizo vya sakafu, na lenye kiraka kigumu pale kisigino kinapokaa. Usitandike la mpira juu ya la kitambaa ili kulilinda. Septemba 2009 Toyota ilitangaza nchini Marekani kuyaita yarudi takriban magari milioni 3.8 kwa sababu kapeti la dereva liliweza kuibana pedeli ya mafuta. Kuokoa kapeti kwa kuhatarisha maisha ni hesabu mbovu.

Sasa kava. Mafundi wetu wa kushona kava za siti ni hodari, na kwa bei nafuu gari la umri wowote hutoka likiwa jipya machoni. Kwa gari la spoti la miaka ya karibuni, tafadhali simama kwanza. Angalia ubavu wa nje wa mgongo wa siti: ukiona kitambulisho kidogo kilichoandikwa SRS AIRBAG, humo ndani mna eabegi ya pembeni, inayotakiwa kuchomoka gari likigongwa ubavuni. Mshono wa upande huo umetengenezwa kwa makusudi upasuke. Ukiuvisha kava nzito, au fundi akiushona upya kwa uzi imara kwa nia njema ya kukufurahisha, eabegi inaweza kuchelewa au kuchomokea kusikotakiwa. Katika ajali ya ubavuni hakuna muda wa kusubiri, kwani kati ya mlango na mbavu zako kuna nafasi ndogo sana.

Kwa hiyo tenganisha sehemu mbili za siti. Ukingo wa kikalio, ule unaokaliwa wakati wa kupanda, kwa kawaida waweza kuufunika: kipande cha ngozi au kitambaa kinene kilichokatwa kufuata umbo lake, kikafungwa kwa mikanda inayopita chini ya kikalio bila kugusa nyaya. Kanga iliyokunjwa ukaitandika wakati wa kupanda na kuiondoa ukishaketi hufanya kazi ileile bila gharama, mradi usiiache ikaangukia kwenye pedeli. Ukingo wa mgongo wenye eabegi uache wazi, au tumia kava iliyotengenezwa mahsusi kwa siti ya eabegi na kuthibitishwa na mtengenezaji wa gari. Na siti ikihitaji kung'olewa kwa ajili ya kushonwa, betri ichomolewe kwanza na kuachwa dakika kadhaa. Soketi ya rangi ya manjano chini ya siti ni ya eabegi, wala haichezewi gari likiwa na umeme.

Ngozi yenyewe inahitaji usafi zaidi ya mafuta. Ngozi nyingi za magari ya kisasa zimepakwa rangi, kisha juu yake tabaka jembamba la plastiki angavu linaloizuia isinywe chochote. Dondosha tone la maji mahali pa kujificha: likibaki juu, ni ngozi ya namna hiyo; likizama na kuacha doa jeusi, ngozi haina kinga na inataka uangalifu wa mtaalamu. Kwenye ngozi iliyopakwa, mafuta ya nazi hayaingii popote. Hubaki juu, hukusanya vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa tope la kusugulia ukingo kila unapopanda. Vaselini ni vilevile. Dawa ya viatu, ambayo wauzaji wengine hupaka ili siti ionekane nyeusi siku ya mnunuzi kuja, itaishia kwenye shati jeupe la huyo mnunuzi. Zile dawa za kung'arisha dashibodi zisiguse siti, usukani wala pedeli, kwa sababu utelezi hapo ni hatari.

Kinachotosha ni kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa povu badala ya maji mengi. Pitisha brashi laini kwenye mikunjo na kando ya mishono, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Kila wiki mbili kwa gari la kila siku si nyingi, na ukingo wa nje uupe zamu yake hata wiki usiyosafisha pengine, kwa sababu jasho, mafuta ya mwili na losheni hukusanyika pale. Jua nalo hukausha na kupausha, hivyo kinga ya kioo cha mbele ina faida zaidi kuliko chupa yoyote ya dawa ya ngozi.

Siti zenye Alcantara zina mambo yake. Wengi huiita ngozi ya swedi, ila haina mnyama ndani yake: ni nyuzi za poliesta na poliuretheni, uvumbuzi wa mwaka 1970 wa kampuni ya Toray ya Japani, unaotengenezwa Italia. Sifa yake ni kukushika usiteleze, na sifa hiyohiyo inafanya kuburuza kuwe na madhara zaidi, maana vinyweleo hulala na kusokotana kuwa vidonge. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji tu, iache ikauke, kisha uinue vinyweleo kwa brashi laini. Mafuta ya ngozi yasiingie hapo kabisa.

Uchakavu ukishaanza, wahi. Rangi ikitoka tu na ngozi bado nzima, fundi anayejua rangi za ngozi atasafisha, ataondoa mafuta, atapaka rangi inayolingana na kuifunga kwa tabaka la juu, na hutaona alama. Nyufa zikishafika kwenye nyama ya ngozi, kipande hicho lazima kibadilishwe. Sponji iliyolala ijazwe au ikatwe upya kabla ya kushona, la sivyo ngozi mpya itajikunja na kupasuka palepale. Njia nyingine ni siti iliyotumika kutoka mitaa ya vipuri kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Nenda na picha ya soketi za siti yako, kwa kuwa siti zinazofanana kwa sura huweza kutofautiana nyaya. Kwa aliyelipa ada ya uchakavu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa kuingiza gari lenye umri mkubwa, ukarabati huu ni wa kutarajiwa tangu siku ya kwanza, na bora uuweke kwenye bajeti ya kununulia.

Wamebaki watu wengine. Kijana wa kuosha gari huingia na kutoka mara nyingi kwa saa moja, nguo zake zina maji na mchanga, na goti lake hulala sitini akisafisha kioo cha mbele kwa ndani. Abiria hajui ukingo ni nini; ataukalia kama benchi huku akimalizia kuzungumza na mtu wa nje. Rafiki atataka kupiga picha akiwa nyuma ya usukani. Waambie kabla hawajaingia: mlango wazi kabisa, mfukoni kutupu, makalio ndani kwanza, mikono isiguse usukani. Kwenye sehemu ya kuoshea, tandika taulo kavu juu ya ukingo mwenyewe kabla ya kukabidhi funguo, sogeza siti nyuma kabisa, na umwombe kijana asafishe kioo akiwa amesimama nje upande wa abiria. Wengi watakubali bila neno; asiyetaka, oshesha nje tu na ndani usafishe mwenyewe.